Bwawa la Udongo Shambani: Namna ya Kulikagua, Kulitunza na Kulisimamia Lisije Likabomoka

Ukitoka Nairobi kuelekea Kiambu, Limuru, Ruiru au Thika, mabondeni kuna mabwawa mengi ya udongo yaliyojengwa wakati ardhi hiyo ilikuwa mashamba makubwa, hasa ya kahawa. Siku hizi mashamba yamekatwa ploti, nyumba zimeteremka hadi kando ya mto, na bwawa limebaki pale juu na tuta lake lile lile. Zamani likibomoka lilizoa mibuni. Likibomoka leo litazoa watu waliolala. Ndivyo ilivyokuwa Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018: tuta la bwawa la binafsi lilipasuka katikati ya masika, watu zaidi ya 40 wakafa.

Mwongozo huu ni wa mwenye bwawa la tuta la mita 2 hadi 6 hivi, na wa kamati ya wakazi iliyojikuta na bwawa baada ya kununua ploti. Haumpokonyi mhandisi kazi yake. Unakuonyesha cha kutazama, cha kupima na cha kuandika, na ni lini hupaswi kungoja hadi kesho kumpigia simu.

Tukubaliane majina kwanza. Mgongo wa tuta ni ile njia ya juu unayotembea. Mteremko wa ndani unaguswa na maji, wa nje unatazama bondeni. Mguu wa tuta ni pale mteremko wa nje unapokutana na ardhi ya kawaida. Mabega ni sehemu mbili ambapo tuta linaungana na kilima, kushoto na kulia. Spilwei ni mkondo wa kutolea maji ya ziada, na kizingiti chake ndicho kinachoamua bwawa lijae hadi wapi. Nafasi kavu ni kimo kati ya kizingiti hicho na mgongo wa tuta.

Maji huvunja tuta la udongo kwa njia kuu mbili. Ama yanapita juu yake na kuchonga mteremko wa nje hadi mgongo unakatika, ama yanapita ndani yake yakibeba chembe moja moja za udongo, tundu likichimbika kutoka mguuni kurudi nyuma hadi lifikie bwawa. Karibu kila kazi inayofuata hapa inalenga kuzuia moja ya hayo mawili.

Pima bwawa lako kabla ya jambo lingine

Huhitaji vyombo vya bei. Hosi nyembamba inayopenya mwanga, ya mita 20, ikijazwa maji ni ile ile levo ya maji wanayotumia mafundi wa ujenzi. Kwa hosi, mkanda wa kupimia na vijiti viwili utapata kimo cha tuta kutoka mguuni hadi mgongoni, na kimo cha mgongo juu ya kizingiti cha spilwei. Pima mgongo kila baada ya mita 5, usipime mahali pamoja tu. Tuta hutitia kadiri miaka inavyopita, ng'ombe na pikipiki hulichimba, na maji yatatafuta pale palipo chini kuliko kwingine. Ukiwa na nafasi kavu ya mita 1 kwingine kote na sentimita 50 mahali pamoja, nafasi kavu yako ni sentimita 50.

Kiasi cha maji kadiria hivi: zidisha kina cha maji karibu na tuta, upana wa maji kandokando ya tuta, na umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, kisha gawanya kwa 6. Bwawa la kina cha mita 4, upana wa mita 60 na urefu wa mita 250 lina mita za ujazo 10,000 hivi. Hizo ni tani 10,000, sawa na malori 1,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Tuta la namna hiyo likikatika, maji kwenye kilele cha mkupuo yanaweza kuzidi mita za ujazo 40 kwa sekunde, na bwawa zima likamalizika kwa muda wa robo saa au nusu saa. Huo si muda wa kuanza kutafuta namba za simu.

Halafu tembea. Teremka bonde lote kwa miguu kilomita 2 au 3, au hadi mto wako uingie mto mkubwa, ukiandika kila nyumba, shule, kibanda cha mlinzi, daraja na kalavati iliyo karibu na maji. Andika pia kama kuna bwawa jingine chini yako. Katika mashamba ya zamani ya kahawa mabwawa huwa yamefuatana katika mto mmoja, na la juu likienda huchukua na la chini. Rudia safari hiyo kila mwaka, maana nyumba huongezeka bila mtu kukuarifu.

Panda juu pia. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuzibwa na takataka, kisha yakapasua na kuua watu wengi. Barabara au reli yenye kalavati iliyoziba juu ya bwawa lako ni bwawa lisilo na mwenyewe, na mkupuo wake utafika kwako.

Spilwei

Hapa ndipo wenye mabwawa wengi wanapojiponza, na wanajiponza kwa nia njema. Kiangazi kinakaribia, mtu anapanga magunia ya mchanga kwenye kizingiti ili abakize maji zaidi. Mwingine amepanda tilapia, anaweka wavu wasitoroke. Mwingine anajenga ukuta mdogo wa mawe, au anaacha gugumaji na matete yafunge mlango. Bwawa linaonekana zuri, limejaa.

Hesabu yake ni hii. Chukua spilwei ya upana wa mita 10, mgongo wa tuta ukiwa mita 1 juu ya kizingiti. Ukiacha sentimita 40 kwa ajili ya mawimbi na kutitia kwa tuta, maji yanaweza kupita spilwei yakiwa na kina cha sentimita 60. Hapo spilwei inatoa karibu mita za ujazo 8 kwa sekunde. Sasa weka magunia ya kimo cha sentimita 30. Kina cha kupitishia maji kimebaki sentimita 30, na spilwei inatoa chini kidogo ya mita za ujazo 3 kwa sekunde. Umepunguza kimo nusu, lakini umepoteza karibu theluthi mbili ya uwezo. Ulichopata, ikiwa uso wa bwawa ni hekta 1, ni mita za ujazo 3,000 za maji. Biashara hiyo usiifanye, hata msimu mmoja.

Linganisha na mvua. Eneo la kilomita 1 ya mraba likinyeshewa milimita 60 na nusu yake ikatiririka, zinakujia mita za ujazo 30,000, mara tatu ya lile bwawa la mfano wetu. Na kiasi kinachotiririka kimeongezeka: palipokuwa na kahawa na majani ya kufunika udongo sasa pana mabati, lami na ua za saruji. Spilwei iliyotosha miaka 40 iliyopita inawezekana haitoshi tena, bila mtu kuigusa. Mwambie mhandisi aipigie hesabu upya kwa mafuriko ya mara moja katika miaka 50, na pakiwa na watu wanaolala chini ya bwawa, ya mara moja katika miaka 100 au zaidi.

Ukikagua spilwei angalia mambo haya. Upana wake ubaki kamili tangu mlangoni hadi mwisho, pasiwe na ua, wavu, daraja la magogo wala kibanda. Iwe imechimbwa kwenye ardhi ya asili begani, isiwe juu ya udongo uliojazwa. Maji yake yamwagwe mbali na mguu wa tuta. Mara nyingi spilwei huanza vizuri kisha inakunja na kurudi kuchimba tuta lenyewe. Tazama mwisho wake: pakianza kuchimbika shimo, shimo hilo hupanda kwenda juu kila mafuriko hadi likifikie kizingiti, na kizingiti kikianguka bwawa linatoka kupitia huko. Jaza mawe makubwa yasiyosukumwa na maji, ya sentimita 30 kwenda juu, yakiwa juu ya tabaka la kokoto. Usimwage zege jembamba moja kwa moja juu ya udongo: maji yatalipitia chini, litapasuka.

Bomba peke yake si spilwei. Bomba la milimita 300 lenye maji mita 1 juu yake halifikishi robo ya mita ya ujazo kwa sekunde, na tawi moja linatosha kuliziba.

Matembezi ya ukaguzi

Kila wiki, mwaka mzima. Kila siku katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Spilwei ikiwa inapitisha maji kwa nusu ya kina chake, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na usiku waende watu wawili. Beba panga, mkanda, kijiti kigumu cha mita 1, chupa ya kioo nyeupe, mtungi wa lita 20, daftari, na simu ya kupigia picha. Piga picha ukiwa umesimama pale pale kila mara. Picha za mwezi mzima zikipangwa huonyesha ambalo jicho la siku moja halioni. Asubuhi mapema ni bora, maana jua la chini hufanya sehemu yenye unyevu ing'ae.

Anza mgongoni. Nyufa ni za aina mbili na maana zake ni mbili. Ufa unaofuata urefu wa tuta, hasa upande mmoja ukiwa umeshuka hata sentimita 2, unakuambia mteremko unaanza kuporomoka. Ufa unaokata tuta kutoka ndani kwenda nje ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yakipanda yamekwisha pata njia. Piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake na uandike tarehe. Ufa wa kukauka tu unaweza kuutengeneza mwenyewe: mimina maji ya chokaa ndani ili uone umefika wapi, chimba hadi sentimita 30 kupita mwisho wa weupe, kisha rudisha udongo ule ule wenye unyevu, tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila tabaka. Kumwaga udongo mkavu juu ya ufa ni kuuficha. Ufa wa kukata tuta, au ufa ulioshuka upande mmoja, ni wa mhandisi.

Aina ya udongo ina neno hapa. Udongo mwekundu wa nyanda za Kiambu na Limuru ni mzuri kwa matuta. Bwawa la Sasumua, linaloipa Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo wa jamii hiyo miaka ya 1950, na mhandisi maarufu Karl Terzaghi aliuandikia utafiti mwaka 1958 kueleza kwa nini unafanya kazi vizuri kuliko vipimo vya kawaida vilivyoonyesha. Lakini ukienda Ruai, Athi River au Kitengela unakuta udongo mweusi wa pamba, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Tuta la udongo huo hupata nyufa kubwa Januari na Februari, na masika yanalikuta wazi. Mwenye tuta la namna hiyo akague nyufa mwishoni mwa Februari bila kukosa, na mgongo ufunikwe changarawe ya sentimita 15 hadi 20 ili udongo usikauke haraka. Mgongo uiname kidogo kuelekea bwawani, maji ya mvua yasitiririke mteremko wa nje.

Shuka upande wa ndani. Tafuta vidaraja vilivyochongwa na mawimbi, mawe yaliyoteleza, na mashimo. Ukiona maji yanazunguka kama yanayoshuka kwenye tundu la sinki, hiyo ni dharura. Ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Upande wa nje utembee kwa kupinda, kutoka bega hadi bega, usisimame mgongoni ukatazama chini. Nyasi ziwe fupi, sentimita 10 hadi 15, la sivyo hutaona chochote. Kiangazi, kiraka cha kijani kibichi katikati ya nyasi zilizokauka kinakuonyesha maji yanapita hapo; ndago na matete vikiota mteremkoni, maji yamekuwapo muda mrefu. Uvimbe mguuni huku pamebonyea juu yake ni mporomoko uliokwisha anza. Kwenye mabega nenda polepole: hapo udongo uliojazwa hukutana na ardhi ya kilima, na wajenzi wasiochimba vya kutosha huacha mshono.

Mvujo: upime, usiuzibe

Matuta mengi ya udongo huvuja kidogo. Swali ni kiasi gani, na maji yana rangi gani. Chimba kijifereji kikusanye maji yote ya mguuni, uyapitishe kwenye kipande cha bomba, kinga mtungi wa lita 20 na hesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 40, mvujo ni nusu lita kwa sekunde. Ukitaka kipimo cha kudumu, simamisha bamba la chuma lenye mkato wa pembe ya nyuzi 90 na pima kimo cha maji juu ya ncha ya mkato, nyuma kidogo ya bamba: sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 7.5 ni lita 2.1, sentimita 10 ni lita 4.4. Ona jinsi kimo kikiongezeka maradufu maji yanavyozidi mara tano na zaidi.

Andika mvujo pamoja na kimo cha maji bwawani siku hiyo, ukikisoma kwenye ubao uliochorwa sentimita, sifuri yake ikiwa kwenye kizingiti. Mvujo unaopanda na kushuka pamoja na bwawa ni tabia ya tuta lako. Mvujo unaopanda huku bwawa limetulia pale pale ni ugonjwa.

Kisha jaza ile chupa ya kioo na iache itulie saa moja. Maji safi, sawa. Mashapo yakilala chini ya chupa, tuta linatoka nje kidogo kidogo. Siku hiyo hiyo piga simu kwa mhandisi na anza kushusha maji.

Fundi atakushauri kupiga zege au udongo wa mfinyanzi pale maji yanapotokea. Kataa. Maji hayataacha kuja. Yatajenga nguvu nyuma ya zege na kutokea kwingine, yakibeba udongo mwingi zaidi. Kinachofaa ni kuyaacha yatoke huku ukizuia udongo. Tandaza mchanga wa mto uliooshwa, sentimita 20 hadi 30, juu yake kokoto ndogo za robo inchi, kisha kokoto kubwa, kisha mawe ya kukandamiza. Usitumie mchanga wa machimbo uliojaa unga. Unga huo huziba na unakurudisha kwenye kosa la zege.

Miti, wanyama na mifugo

Mikaratusi haifai tutani wala ndani ya mita 10 kutoka mguuni. Mti ukiyumba kwa upepo hutikisa tuta, ukianguka huondoka na kipande chake, na mizizi ikioza huacha mabomba ndani ya udongo. Mche usiozidi unene wa kifundo cha mkono kata. Mti mkubwa usiukate na kuacha kisiki: shusha maji kwanza, ng'oa kisiki na mizizi minene, panua shimo liwe na kuta zilizolala, kisha jaza na kushindilia kwa tabaka. Badala ya miti panda nyasi. Sehemu za baridi na mvua, nyasi ya Kikuyu inashika udongo barabara.

Fuko, nungunungu na kenge huchimba. Mchwa hujenga vyumba vinavyoweza kupenya mbali. Kichuguu tutani kichimbuliwe chote hadi kwa malkia, na shimo lijazwe kwa kushindiliwa. Ng'ombe wapelekwe kunywa kwenye birika lililo chini ya bwawa, tuta liwekewe ua. Njia moja ya ng'ombe ikikata mgongo kwa sentimita 20 imekuondolea sentimita 20 za nafasi kavu kwenye bwawa zima.

Bomba na vali

Bomba la kutolea maji linalopita chini ya tuta ndilo mahali maji hupenda kufuata, kwa sababu ni vigumu kushindilia udongo ukaushika vizuri ule mviringo wa chini wa bomba. Angalia kila wiki pale linapotokea: unyevu unaozunguka bomba kwa nje ni habari mbaya kuliko tone linalotoka kwenye vali. Kama vali iko nje tu, bomba zima lina presha wakati wote, na kutu ikitoboa katikati ya tuta maji yataingia udongoni bila wewe kujua. Bwawa jipya liwekewe kizuizi upande wa maji pia, na sehemu ya mwisho ya bomba ivikwe mchanga wa kuchuja pande zote. Vali fungua na ufunge kila mwezi. Vali isiyozungushwa miaka miwili haitazunguka usiku unaoihitaji.

Ukishusha maji, usizidishe sentimita 30 kwa siku isipokuwa katika dharura. Mteremko wa ndani umelowa. Maji yanayoukandamiza yakiondoka ghafla, unaporomoka. Kujaza mara ya kwanza, au baada ya matengenezo makubwa, vilevile iwe sentimita 30 kwa siku kadiri unavyoweza kulidhibiti, ukisimama wiki moja kwenye theluthi ya kwanza na ya pili na kukagua kila siku. Kujaa kwa mara ya kwanza ndicho kipindi tuta linapoonyesha kasoro zake zote.

Vibali na usimamizi

Nchini Kenya bwawa la binafsi haliko nje ya macho ya serikali. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali vya kujenga bwawa na kutumia maji yake, na mabwawa hupangwa katika madaraja A, B na C kwa kadiri ya hatari. NEMA, shirika la taifa la mazingira, inahusika kwa upande wa tathmini ya mazingira. Kuinua tuta au kupanua bwawa ni ujenzi mpya. Kibali cha babu hakikuruhusu kufanya hivyo. Mhandisi utakayemwita awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya na awe ameshafanya kazi za mabwawa. Wa barabara au majengo, hata akiwa hodari, anaweza kukosa kuuliza maswali muhimu ya mvujo na mafuriko.

Weka faili moja: kibali, michoro ya tuta na spilwei, aina ya udongo, tarehe za matengenezo, daftari la ukaguzi, na ramani ya nyumba za bondeni. Bwawa lisilo na michoro, mhandisi alipime na kulichora upya. Mlipe afanye ukaguzi kamili angalau mara moja kwa mwaka kabla ya masika, na dai ripoti ya maandishi inayosema wazi nini kifanywe, na kabla ya tarehe gani. Ripoti isemayo "hali ni nzuri" bila vipimo irudishe.

Kamati ya wakazi imteue mtu mmoja wa kutembea tutani na mwingine wa kumbadili, walipwe, na majina yao yaandikwe. Bwawa la watu wote bila msimamizi huwa halikaguliwi na yeyote. Unayenunua ardhi yenye bwawa, au iliyo chini ya bwawa, omba hilo faili kabla ya kulipa. Na jirani wa bondeni anayeona tuta limevimba au spilwei imezibwa hahitaji ruhusa ya mwenye shamba: aende kwa chifu, kwa jumuiya ya watumiaji wa maji ya mto huo, au ofisi ya Mamlaka iliyo karibu, akiwa na picha zenye tarehe.

Siku ya hatari

Panga ngazi tatu mapema na uzibandike ukutani. Ya kwanza: mvujo umeongezeka lakini ni safi, au ufa mpya. Kagua kila baada ya saa sita, mpigie mhandisi. Ya pili: mvujo una tope, mgongo umebonyea, au maji yamebakiza sentimita 40 kufika mgongoni. Anza kushusha maji na waambie watu wa bondeni wajiandae, wazee, wagonjwa na watoto waondoke sasa. Ya tatu: maji yanapita juu, kisima cha tope (maji yanayobubujika kutoka ardhini yakileta udongo) kinachemka mguuni, au maji yanazunguka bwawani. Watu wote wa bondeni waondoke mara moja, ndipo upige 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199, na chifu. Usingoje uhakika. Watu waliohamishwa bure watarudi nyumbani asubuhi.

Wakati watu wanaondoka, na ikiwa tuta bado ni salama kukanyaga, fanya haya:

1. Fungua vali yote na usafishe spilwei, ukiondoa wavu na magunia kama yapo.
2. Ongeza bomba la kufyonza (saifoni, linalovuta maji bila pampu) linalovuka mgongo wa tuta. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na Limuru zaidi ya 2,000. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo tegemea kuinua maji mita 5 tu kutoka usoni hadi mgongoni. Bomba la milimita 160 likiteremka vizuri hutoa lita 30 kwa sekunde au zaidi, karibu mita za ujazo 2,600 kwa siku.
3. Kisima cha tope mguuni kizungushie magunia ya mchanga kama ukuta wa kisima, maji yapande kidogo ndani yake, kisha mwaga mchanga, kokoto na mawe. Usikizibe kabisa.
4. Tundu la upande wa ndani lisukumie marobota ya nyasi kavu, magunia na turubai. Maji yenyewe yatayavuta.
5. Mahali pa chini pa mgongo panga magunia ya mchanga, lakini kamwe usiyapange kwenye spilwei.

Usikate tuta ili kupunguza maji. Mfereji wa jembe kwenye udongo uliojazwa hupanuka kuwa pengo kwa dakika chache. Kama lazima maji yatolewe zaidi, panua spilwei kwenye ardhi ngumu ya asili, mhandisi akiwapo.

Vifaa vya kazi hii havinunuliki saa nane usiku mvua ikinyesha. Kabla ya mwisho wa Februari weka kibandani magunia matupu 200, mchanga wa mto lori moja, kokoto za saizi mbili, mawe, turubai mbili, bomba la kufyonza na viungo vyake, tochi zenye betri mpya, na king'ora au kengele inayosikika hadi nyumba ya mwisho uliyoiandika kwenye ramani. Fanya jaribio moja la king'ora au kengele hiyo kila Machi, wakazi wakijua siku na saa. Ufunguo wa vali utundikwe ndani ya kibanda hicho hicho, na mlinzi wa zamu ya usiku aonyeshwe kwa mkono wake mwenyewe vali inazungushwa upande gani.